Deo, Itifaki Yako Ndiyo Ilikuwa na Kasi

Deo, mtani wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito miwili, maana nikilala chali pumzi inagoma. Miguu imevimba. Daktari amenishauri kwa upole nisijihangaishe na kilimo cha mwaka ujao, nami nimemwelewa. Kwa hiyo kuna jambo nataka kulisema kabla hatujaonana.

Siku ya kukuzika nilitumia haki yangu ya utani. Wewe mtu wa mlimani, Mahenge, mimi wa huku bondeni, nani angenizuia? Nilisimama kando ya kaburi, nikashika koleo la kijana aliyeanza kufukia, nikasema, "Subirini kwanza. Huyu bado hajakiri kwamba nilimshinda kwenye kompyuta." Watu walicheka. Hata mkeo alicheka, machozi yakimtoka. Wengi hawakujua nazungumzia nini.

Deo, sikukushinda.

Unakumbuka tulivyoiweka ile kompyuta kuukuu chini ya meza yangu ya sebuleni, tukaipa diski kubwa, tukaiita ghala. Tulitaka kaseti zako zote ziingie humo kabla ukungu haujazimaliza: wazee uliowarekodi kwa miaka yote ile, nyimbo za kuamia ndege shambani za kina mama wa Michenga, na masimulizi ya baba yako. Kompyuta ya kurekodia ilikuwa na diski ndogo, haibebi kaseti mbili. Kila kaseti ilibidi ihamishwe kwa waya hadi ghalani ndipo tuanze nyingine, na kwa mgao ule, umeme tuliupata jioni tu. Kasi haikuwa anasa.

Ndipo tukagombana juu ya itifaki, yaani lugha ambayo mashine hizo mbili zingetumia kupeana mafaili. Mimi nilitaka Samba, kwa sababu Windows inaielewa bila kufundishwa. Wewe ulitaka NFS, ingawa ilikuwa lazima kompyuta ya kurekodia nayo iwekewe Linux badala ya Windows. Ulinisumbua wee. "Hiyo Samba yako inapiga hodi hata ikiwa imeshakaa sebuleni!" Nami nikakujibu, "Na hiyo yako inaingia bila hodi kama mbuzi wa jirani."

Tukakubaliana kupima. Kaseti ileile, wewe na NFS yako Jumatatu, mimi na Samba yangu Jumanne. Na kwa kuwa umeme ulirudi saa ya rozari, tukaona tupime kwa rozari. Wazee wawili tuliosomesha watoto hesabu maisha yetu yote, kila mmoja na saa mkononi, na hakuna aliyeitazama. Wewe ulisali rozari nzima na faili bado linasafiri. Yangu ilifika nikiwa sijamaliza tendo la nne. Ukavuta kiti, ukarudisha Windows, ukaniwekea Samba kwa mikono yako mwenyewe, na hukulizungumza tena.

Baada ya mazishi tulikuwa tunasali nyumbani kwako kila jioni, na binti yako Skolastika ndiye aliyeongoza. Alikwenda mbio kama mvua juu ya bati. Mimi nilikuwa bado kwenye Salamu Maria ya saba wenzangu wanasema Atukuzwe. Mama mmoja akaniambia, "Babu, umebaki kituoni." Watu wakacheka chinichini. Skolastika akageuka, akasema, "Msameheni baba mdogo. Huu ni mwendo wa baba. Nilifundishwa hivi."

Nilikaa pale, rozari mkononi, nisiweze kuendelea. Walidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu, lakini pia nilikuwa nimeelewa. Mdomo wako na mdomo wangu haikuwa saa moja, Deo. Tangu seminari ulikuwa unasali kama mtu anayewahi treni. Tulipima midomo yetu, hatukupima mashine.

Niliporudi nyumbani sikufanya lolote. Hili ndilo linalonisumbua. Kushinda kwangu kulikuwa kumekwisha kusemwa mbele ya watu, na wewe hukuwapo kunicheka. Nikaendelea na Samba, kaseti moja kwa jioni, na mara nyingine umeme ukakatika kabla faili halijafika, nikaanza upya kesho yake. Sanduku lako la kaseti halikupungua. Mimi ndiye niliyepungua.

Juma lililopita, Jumamosi, Skolastika alikuja kutoka Sanje, anakofundisha. Aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi, akauliza kwa adabu, "Baba mdogo, tutazimaliza kweli?" Hakusema "kabla." Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akasema, "Basi tupime tena. Lakini nitashika saa mimi, na wewe usisali." Tukaiwekea kompyuta ya kurekodia Linux yako, mimi nikimwelekeza kutoka kitandani, yeye akiandika na kukosea na kuninung'unikia kama ulivyoninung'unikia wewe. Samba ilihamisha kaseti moja. Katika muda huohuo NFS ilihamisha hiyo, na ya pili ikakaribia kwisha. Kwenye mashine zetu hizi, hakuna ubishi tena. Tumeondoa yangu.

Nimemwomba mkeo, na amekubali, kwamba siku ya misa yako ya mwaka Skolastika atasimama awaambie watu walewale kuwa mtani wako aliwadanganya pale kaburini bila kujua, kisha akanyamaza akijua. Ikiwa nitakuwepo nitasema mwenyewe.

Nisingependa kukuahidi kwamba nitazimaliza kaseti. Hilo siliwezi tena. Nakuahidi kwamba kila Jumamosi nitakayoamka nayo, nitakaa na binti yako nimfundishe: kusafisha kichwa cha redio ya kaseti, kukata ukimya mwanzoni, kulipa faili jina, kulituma, kulisikiliza likishafika. Nikishindwa mimi, asishindwe yeye.

Jana, Jumamosi, jioni alifanya peke yake. Ilikuwa sauti ya baba yako, akieleza walivyoshuka kutoka Mahenge na wewe mgongoni mwa mama yako. Taa zilikuwa bado zinawaka faili lilipofika. Skolastika alifungua sanduku, akachukua kaseti nyingine.

Pumzika, Deo. Kazi yako iko kwenye mkono unaokwenda mbio.

Mtani wako,
Gaspari