Kizibo cha Mashua ya Baba

Jumatano, 13 Machi

Maji digrii 58 za Farenihaiti pale mteremkoni pa kushushia mashua ziwani. Bado baridi kidogo. Jua likiwaka siku tatu mfululizo, samaki aina ya besi watasogea kwenye kina kifupi kutaga.

Mama kaamua. Jumamosi nakwenda kuvua na Bwana Lyle. Wawili tu! Eti tuzoeane kabla ya harusi yao. Nikaitikia. Mimi huitikia kila kitu.

Bwana Lyle ni fundi viyoyozi, mrefu ajabu, mpole. Samaki pekee aliowahi kuwashika ni wa kopo. Jioni nilimfundisha mashua hapa uani. Ni ya Baba, aliiacha alipohamia Luiziana kwenye visima vya mafuta. Bwana Lyle anauliza kila kitu.

"Na hiki kidude, bosi?"

Kizibo. Nikamwonyesha tundu lake, nyuma, chini karibu na injini. Mashua ikiwa nyumbani unakitoa maji yakauke, ukienda ziwani unakirudisha. Akakishika kwa vidole viwili, akacheka.

"Yaani roho zetu zote mbili ziko hapa?"

Ndiyo. Nilitaka kumwambia na mengine. Shuleni Kiingereza napata alama nzuri kuliko wenzangu. Mbele yake kinanikauka kooni, na Kihispania, lugha yetu ya nyumbani, hakijui.

Kwa hiyo sikumwambia kuhusu kelele. Kabla mashua haijagusa maji, Baba alikuwa akipaza sauti kwa Kihispania, "Kizibo!" Nami lazima nijibu, "Kimekaza!" Watu walitucheka. Baba hakujali. Ilikuwa yetu, ile kelele.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeosha mashua. Kizibo nimekitia mfuko wa jaketi langu jekundu, pamoja na hili daftari. Karatasi zake haziloi, Baba alininunulia kwenye duka la wavuvi.

Redio inasema upepo wa kaskazini, ule wa baridi kali, utaingia Jumamosi. Nikamwambia Mama. "Mwambie mwenyewe, ana masikio." Nilisimama mlangoni, Bwana Lyle akitazama mpira. Akageuka, "Vipi, bosi?" Nikasema nataka maji ya kunywa.

Ijumaa, 15 Machi

Nimehesabu jaketi okozi mara tatu — ni mbili tu, yangu na yake! Bwana Lyle kanunua kofia yenye picha ya samaki, karatasi ya bei bado inaning'inia. Alivyoivaa nikacheka. Akaniona nikicheka. Akafurahi mno, na hilo ndilo limenitia hofu zaidi.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui ni saa ngapi. Simu zote zimezama. Penseli ipo. Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitapiga mayowe.

Asubuhi, mteremkoni. Foleni ya pikapu nyuma yetu, wanaume na mashua zao zinazong'aa. Bwana Lyle anarudisha nyuma trela ya mashua, inapinda. Mara ya pili, inapinda. Mara ya tatu mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mzee, tutataga sisi kabla ya samaki!" Wakacheka wote. Bwana Lyle naye akacheka, masikio mekundu.

Ile kelele ilinifika mpaka kwenye meno. Kwa Kihispania? Mbele ya wale wote? Nikaimeza. Sikupiga kelele, basi sikukumbuka kukitafuta kizibo chenyewe. Nilishika kamba, nikatazama viatu vyangu, mashua ikaingia majini.

Baba aliniambia: mashua isiyo na kizibo haikuambii kitu ikiwa mbioni, maji yanatoka yenyewe kwa nyuma. Ikisimama ndipo inakunywa. Na sisi tulikimbia dakika ishirini, hadi ghuba ya visiki. Tukazima injini. Ukimya mzuri. Nikamwonyesha atupe chambo pembeni mwa kisiki, akivute polepole.

Mara ufito wake wa kuvulia ukapinda. "Bosi! Bosi! Kuna mtu huko chini!"

Nikatia mkono mfukoni kutafuta koleo ya kutolea ndoana. Nikashika kizibo.

Nikatazama nyuma. Injini ilikuwa imekaa chini sana. Tundu lilishafunikwa, mkono wangu haungelifikia. Dawa ni moja tu: washa, kimbia.

"Tuondoke," nikasema. Nadhani nilisema.

"Ngoja kidogo, bosi, huyu mkubwa!"

Besi wake wa kwanza. Uso wake! Ningeweza kupaza sauti. Lugha yoyote. Nilisimama tu, kizibo kwenye ngumi, nikimtazama alivyofurahi. Dakika tatu. Labda nne. Hizo dakika ni zangu, hakuna mwingine wa kumpa.

Alipomwinua samaki, maji yalikuwa kwenye viatu vyake. Akauliza, "Hii kawaida?" Kisha akaruka kwenye ufunguo. Betri ilishazama. Hakuna hata mlio.

Ilizama kwa nyuma, taratibu. Maji yalimfika yeye kifuani. Mimi yangenipita kichwa. Akanipakia juu ya sanduku la barafu kama mzigo, akalisukuma akitembea kwenye tope, akijikwaa visiki, akihesabu hatua kwa sauti ili nisiogope. Mia mbili na kumi na moja. Hadi hiki kisiwa, mierebi sita na matope. Jaketi langu limelowa mikono tu.

Sasa upepo wa kaskazini umeingia.

Yeye ana fulana tu. Koti lake limezama na mashua, na jaketi okozi zote mbili pia. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na bado anatania: "Samaki wangu kaenda kuwasimulia wenzake."

Halafu akaacha utani. Akasema kosa ni lake. "Ulinionyesha lile tundu Jumatano. Nahodha ni mimi. Nitamwambia mama yako ni mimi niliyesahau kizibo. Wewe usiseme kitu, sawa?"

Usiseme kitu. Kazi ninayoiweza kuliko zote!



Sasa hatetemeki tena. Baba alisema hiyo ndiyo ya kuogopa, si kutetemeka — kuacha. Nimemwita. Kaniitikia, ila taratibu, maneno yanavutana. Kwa mbali nasikia injini. Au upepo. Nimepiga kelele kwa Kiingereza, nimepiga kwa Kihispania. Sauti ninayo kumbe!

Nimevua jaketi. Daftari nikalitoa. Kizibo nilikigusa. Ningeweza kukitupa majini, yuko macho nusu, asingeona. Nikakiacha mlemle, mfuko wa kulia.

Nimemvika. Mikono inamfika kwenye viwiko tu. Kasema asante, bosi. Nimemwambia atie mikono mifukoni, apate joto.

Anatia wa kushoto. Sasa wa kulia