Gunzi Bado Liko Dirishani

Mpendwa Mama Kemunto,

Huko uliko najua hakuna posta, lakini mwanaume aliyepeleka ndizi za Nyamira mpaka Mombasa na Malaba hashindwi kufikisha barua. Wewe soma tu.

Gunzi lako la mahindi bado liko dirishani, pale ulipoliacha. Unakumbuka? Jioni chai ikichemka, mimi navua shati, nakaa kwenye kigoda kama chifu, nawe unanikuna mgongo nalo. Yale mabaka mekundu yaliwasha kama upupu! Tulipaka kila dawa ya mba iliyouzwa Keroka. "Juu kidogo. Kushoto. Hapo hapo, usitoke!" Nawe ukicheka: "Baba Kemunto, umefika Malaba, lakini kufika mgongo wako mwenyewe kumekushinda."

Nyumbani mgonjwa nilikuwa mimi na mwasho wangu. Halafu ukasimama moyo wako, ghafla, shambani, kikapu cha majani chai kikiwa mgongoni.

Ulipoondoka mabaka yakawa vivimbe, vingine vikafunguka vidonda. Binti yetu akanivuta mpaka hospitali Kisii, wakakata kinyama kidogo wakapime. Daktari akasema hiyo si mba. Ni limfoma, saratani iliyokaa kwenye ngozi, na yangu ni ile kali isiyongoja mtu. Nikamwambia, "Kumbe hata saratani inachagua mwanaume wa maana!" Daktari alicheka. Kemunto hakucheka.

Sasa natiwa kemo. Dawa yenyewe ni nyekundu kama soda ya Krismasi, inaingia kwa mshipa pole pole. Wodini wananiita Meneja, maana hakuna mgonjwa anayelala kabla sijamfikisha Mombasa kwa stori. Lakini nikirudi nyumbani, Meneja anatapika kwenye beseni lako la buluu. Mdomo ni vidonda, hata uji wa wimbi unauma. Nywele zimeenda zote. Kichwa kinang'aa, ungekitumia kama kioo ukienda kanisani Sabato.

Vivimbe vimenywea. Mgongo hauwashi tena. Basi juzi nikamwambia Kemunto, "Inatosha, nimepona. Jumatatu siendi."

Akasimama mlangoni, mkono kiunoni, kama wewe kabisa. "Baba, daktari amesema ukikatiza dawa ugonjwa utarudi na hasira. Umefika Malaba, hapo Kisii ndipo pakushinde?"

Nikatoka nje, nikajidai naangalia ng'ombe.

Jioni bado navua shati. Nakaa kwenye kigoda, chai inachemka, mgongo umenyamaza kabisa. Dawa imetoa mwasho, haijatoa hamu ya mkono wako. Ningekubali mgongo uwashe wote, jioni moja tu, uje ukune.

Jumatatu naenda. Duniani nimefika kote, bado mahali pawili: katikati ya mgongo wangu, na huko uliko. Huko sina haraka, mama. Chai usiinjike bado.

Mumeo wa safari ndefu,
Baba Kemunto