Mwenye Zizi Hakagui Ng'ombe Wake

Ushirombo,
3 Februari 2025

Mwanangu Paskalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa nyumbani ni mhola, wote wazima. Goti la mama yako limetulia tangu aanze kupaka ile dawa uliyoleta Krismasi, sasa kuku wakiingia bustanini anawafukuza mwenyewe. Mpunga umesimama vizuri. Nawe hujambo, na hilo joto la Dar?

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ipo, ndiyo, ila ni ya mama yako. Akipokea anaweka sauti kubwa, mpaka jirani wa ng'ambo ya barabara anajua umekula nini. Na hili yeye hatakiwi kulijua. Nimempa Cornel wa basi, na jibu mpe Cornel huyohuyo.

Julai tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Padri ametupangia misa ya jubilei, Jumamosi tarehe 19. Siku ile ya kwanza nilimvisha mama yako pete ya shaba, kidole kikawa cha kijani kabla mwaka haujaisha. Hajanilaumu hata siku moja, na ndiyo maana inaniuma. Ujanani nilichekecha kokoto Maganzo, almasi za Shinyanga zikapita mikononi mwangu kwenda kuvaliwa na wake za watu. Sasa na mke wangu avae! Nimeuza wale mafahali wawili weusi. Hela atakutumia mdogo wako Evance kwa simu.

Nitafutie pete ya almasi hapo dukani kwenu, yenye cheti. Ya mtaani sitaki. Mtoto wangu anawauzia mabalozi, halafu mimi ninunue kwa mchuuzi?

Jingine. Evance, huko Rwamgasa machimboni aliko, amesema anamtaka Violeth, binti wa Mzee Makoye. Makoye unamjua: ukimwambia jua limechomoza, anatoka nje kwanza kuhakikisha. Nimemnong'oneza habari ya pete kwa siri. Nadhani siri hiyo imeshafika Masumbwe, imebaki kumfikia mama yako tu.

Ni mimi baba yako,
Telesphori


Dar es Salaam,
19 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Milele amina, na shikamoo sana. Mimi mzima, joto limenikondesha kidogo lakini usimwambie Mama, ataniletea unga wa lishe. Nimefurahi goti limepona.

Barua yako nimeisoma chumba cha chai, nikacheka peke yangu kama mwehu, halafu machozi yakanitoka. Jamani, Baba, kumbe unampenda mke wako hivyo!

Pete nimeipata. Ngoja nikueleze utakavyoelewa. Wewe wanakuita kukagua ng'ombe wa mahari kutoka Bukombe mpaka Mbogwe. Unatazama meno, kwato, chuchu na mwendo. Almasi nayo ina mambo yake manne: rangi, usafi wa ndani, mkato na uzito. Rangi inaandikwa kwa herufi. D ndiyo ya juu, jiwe jeupe kabisa, na kadiri herufi inavyoshuka ndivyo umanjano unavyoingia. La Mama ni E. Ndani limeandikwa halina dosari ya kuonekana. Nikilishika chini ya taa, Baba, najiona nimeshika tone la maji ya kisima.

Cheti ni cha duka letu, kina muhuri wa dhahabu. Naambatisha nakala. Kama lilitoka Shinyanga siwezi kuapa. Meneja anasema ndiyo, cheti chenyewe hakisemi. Risiti nimeandikisha jina lako.

Najivunia kukuuzia, kuliko nilivyowahi kumuuzia balozi yeyote.

Mwanao,
Paskalia


Ushirombo,
10 Machi 2025

Mwanangu Paskalia,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi wazima, ila ndege wanatusumbua kwenye mpunga na mama yako amepoteza sauti kwa kuwapigia kelele. Nyumba imetulia, Mungu anisamehe.

Nakala ya cheti imepita mikono yote ya kamati ya jubilei. Katibu wa parokia ameisoma kwa sauti, mpaka muhuri ameusoma. Nilikaa pale nimevimba kifua, nikawaambia: herufi E hiyo, na aliyeichagua ni Paskalia wangu, yule mliyesema anapoteza muda kusomea mawe.

Basi Makoye akaigeuza karatasi huku na huku, akauliza, "Kimetolewa na nani?" Nikamwambia na duka. "Na jiwe ni la nani?" La duka. Akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo mwenye zizi amekagua ng'ombe wake mwenyewe, na wewe Telesphori umekubali?"

Watu wakacheka! Mimi, niliyewaambia maneno hayohayo wazee wangapi mbele ya ng'ombe wao! Nilimjibu kwamba mwanangu amelitazama, inatosha. Akasema, "Mwanao analipwa na mwenye zizi." Nikaaga nikaondoka, na chai yao sikunywa.

Niandikie maneno ya kumfunga mdomo mtu huyu. Na ukumbuke ndiye ninayetaka awe mkwe wangu.

Baba yako,
Telesphori


Ushirombo,
12 Mei 2025

Paskalia,

U mzima? Sisi wazima.

Pasaka imepita hujajibu. Cornel anarudi mikono mitupu, nami nimechoka kumwona akinitazama kwa huruma. Kwenye simu na mama yako unaongea habari za mvua. Makoye hasemi kitu, anatabasamu tu tukipeana amani kanisani. Kama kuna jambo, liseme. Kama hakuna, basi una jeuri.

Baba yako


Dar es Salaam,
9 Juni 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Nisamehe kwa ukimya, haukuwa jeuri. Nilikuwa nasubiri jibu, na bila jibu hilo ningekuandikia maneno matupu.

Swali la Mzee Makoye lilinikosesha raha. Dukani kwetu wakaguzi wako ghorofani, mawe yanashuka kwetu yakiwa na vyeti tayari, nasi tunauza. Nikamwomba meneja tulipeleke jiwe la Mama kwenye maabara ya nje, isiyouza wala kununua mawe, kazi yake kukagua tu. Akasema ya nini, cheti si kipo? Nikamwonyesha risiti: jiwe limelipiwa, ni la Telesphori, na Telesphori anataka likaguliwe. Nikalipeleka, nikangoja.

Majibu yamekuja. Ni almasi ya kweli, Baba, na mkato wake ni mzuri. Ila rangi si E, ni H. Na ndani lina alama ndogo kama unyoya, ambayo cheti chetu hakikuitaja. Bei uliyolipa ni ya jiwe jingine.

Meneja hakubisha hata. Alisema, "Mzee tutamrudishia tofauti, yaishe hapa, wewe ni wa kwetu." Nikamuuliza, na wale wengine walionunua kwa cheti chetu? Akasema, "Wao hawajauliza."

Hapo nilimkumbuka yule mtamba. Simulizi uliyotulea nayo: siku wanakagua mahari ya Mama, wazee wakawapitisha ng'ombe wote wa Babu, baba yako, ndipo wewe bwana harusi ukanyoosha mkono ukasema, "Yule mwenye baka jeupe, chuchu yake moja imeziba." Babu nusura akupige mbele ya wakwe. Mimi nimekua nikijisifia shuleni kuwa ni mtoto wa mtu huyo.

Nikamwambia meneja sisimami tena nyuma ya kioo kuuza kwa cheti kile mpaka wateja waambiwe. Akaniambia niende nyumbani nikapumzike hadi nitakapoitwa. Ni wiki ya pili sasa napumzika, na sikuwa nimechoka.

Kazi inaniuma, Baba, siwezi kudanganya. Nimeisomea, naipenda. Lakini ninachoogopa zaidi ni uso wako mbele ya kamati, na mbele ya Mzee Makoye, na Evance wa watu anasubiri mke. Ukitaka, narudishiwa hela yote, nikutafutie pete kwingine, na wala hakuna atakayejua. Sema wewe.

Mwanao,
Paskalia


Ushirombo,
23 Juni 2025

Paskalia, ng'wanawane, mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima kabisa, mpunga umeingia ghalani, mama yako sauti imerudi.

Barua yako niliposoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilikasirikia duka, nikamkasirikia Makoye kwa kuwa sahihi, na wewe nikakukasirikia kidogo. Nikaenda zizini nikasimama kwa ng'ombe mpaka hasira ikashuka. Nikaisoma tena. Nilipofika pale uliposema husimami tena nyuma ya kioo, nilipiga ukelele mmoja hadi mama yako akatoka jikoni na mwiko. Nikamwambia nimeona nyoka.

Jumapili baada ya misa kamati ilikaa. Sikungoja kuulizwa. Nikasimama nikasema: jiwe si E, ni H, lina unyoya ndani, na Makoye alisema kweli. Yalikuwa machungu kuliko mwarobaini, lakini niliyasema. Kisha nikawasomea barua yako. Nilikusudia kuruka pale uliponisifu. Sikuruka, nilisoma mara mbili.

Makoye akauliza, "Amefukuzwa kazi?" Nikasema hajui kama amefukuzwa. "Na aliambiwa anyamaze, angepata na nafuu?" Nikasema ndiyo. Akavua kofia yake, akaifuta, akaivaa tena. Makoye huyo!

Sasa nisikilize. Jiwe hilohilo nalitaka, kwa bei ya herufi yake ya kweli, na cheti cha hao wa nje. Jiwe halikumdanganya mtu, waliodanganya ni watu. Yule mtamba wa chuchu iliyoziba, babu yake mama yako alisema, "Ametutajia kilema, tunampokea hivyohivyo." Akazaa, na wanawe wakazaa. Tulipokupata wewe, mzee huyo akatuletea ndama wa uzao wake. Mafahali weusi niliowauza walitoka humo. Pete ya mama yako imetokana na ng'ombe yule, sasa mimi nitalikataaje jiwe lenye unyoya?

La mwisho, na hapa kaa chini. Mahari ya Violeth inakaguliwa Jumanne baada ya jubilei, hapa kwangu, ng'ombe wangu. Makoye alikuja jana jioni na mkewe. Hakukaa hata. Akasema, "Wakaguzi wangu ni wawili, mimi na Paskalia."

Nikamwambia Makoye, mwanamke hajawahi kukagua mahari hapa. Akasema anajua. Nikamwambia, isitoshe ni binti wa zizi hilihili, wewe si ndiye uliyesema mwenye zizi hakagui ng'ombe wake? Akasema, "Nilisema. Huyu akague."

Paskalia, nimeishi miaka yote hii nikiheshimiwa kwa macho yangu. Jana nimeheshimiwa kwa ajili yako, na ni kutamu zaidi. Nililia, na mbele yake, shauri yake.

Cornel anakuletea fimbo yangu, ile ya kuwaonyeshea ng'ombe. Nimeipaka mafuta. Wanyama wameshapangwa, na wa kwanza mstarini nimemweka yule mtamba mwekundu, mzuri ajabu, wageni wataanza kuridhika hapo hapo.

Kama huna kazi, njoo bila kazi.

Baba yako anayejidai mbele za watu,
Telesphori


Dar es Salaam,
8 Julai 2025

Baba yangu,

Milele amina. Shikamoo, na shikamoo tena kwa ile kamati. Mimi mzima, wa mwili na wa roho.

Fimbo imefika. Cornel aliishusha kituoni kama anashusha mtoto mchanga, abiria wakauliza kuna mgonjwa. Asubuhi hiyohiyo niliitwa dukani, si na meneja, bali na mwenye duka mwenyewe. Sikuwa na pa kuiweka, nikaingia nayo. Mlinzi alinizuia mlangoni. Nikamwambia ni kitendea kazi.

Mwenye duka aliniuliza nataka nini. Nikasema mambo mawili: kila jiwe likakaguliwe nje kabla halijauzwa, na waliokwishanunua waandikiwe. La kwanza amekubali palepale. La pili anasema analifikiria. Nimemwambia atakapomaliza kulifikiria nitakuwa Ushirombo, tena nina shughuli. Kama nitarudi kazini au nitarudi kulima mpunga na wewe, sijui, ila sijutii hata chembe.

Pete ninayo. Bei wameirekebisha iwe ya kweli ya H, cheti ni cha hao wa nje, unyoya umeandikwa. Iliyobaki itatosha mchele wa pilau na gauni la Mama. Nililiangalia jiwe tena kwa lenzi yangu, peke yangu. Unyoya nimeuona, kule pembeni. Ukishajua ulipo, jiwe linazidi kupendeza.

Nafika Jumatano ya tarehe 16. Mwambie Mama nakuja kula tu.

Na Baba, kuhusu Jumanne ile. Yule mtamba mwekundu Krismasi nilimwona akirudi kunywa maji, anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto akidhani hakuna anayemtazama. Nawe ulikuwepo. Mtoe mstarini mwenyewe, au umtaje. Nikifika nikamkuta wa kwanza na hujasema kitu, namrudisha zizini mbele ya Mzee Makoye na wageni wote, kwa fimbo yako mwenyewe.

Mwanao, mkaguzi,
Paskalia