Kwenye Meli ya Mahmudu

Busia, Jumatano

Shemeji Shafic,

Asalaam aleikum. Huku tupo. Mama hataki niongee na mwanaume kwa simu kabla eda haijaisha, hata kama ni wewe mtoto wake, ndiyo maana nampa jirani Maurine barua hii akileta nyanya za kuuza huko Tororo.

Niliona ulichoandika kwenye gemu ya maharamia: "Mwizi wewe, toka kwenye meli ya kaka yangu!" Sikujua pa kujibia. Si mwizi, ni mimi Hasifa. Tangu tumzike Mahmudu nimekaa ndani miezi mitatu, na simu yake ilikuwa hapa, nikaanza kucheza.

Uliandika pia kwamba napigana kama mtu aliyefungwa macho. Mwanzoni ni kweli, nilikuwa nafyatua mizinga nikiwa mbali. Sasa nangoja adui ageuze ubavu. Panga lake nalikinga kwanza, halafu ndiyo nakata. Meli ikitobolewa naziba kabla ya kufukuza mtu. Wakija watatu natoroka, wala sioni aibu.

Chakula nakula. Maharagwe ya shamba la Lunyo yameharibiwa na mvua.

Siku ya kwanza niliuawa upesi. Simu ikaandika: "Nahodha amekufa. Bonyeza arudi." Nikabonyeza. Akarudi, na kofia yake ileile nyekundu ambayo Mahmudu alimchagulia.

Kwa hiyo ukiniona nimesimama tu napigwa, shemeji, usihangaike kunifundisha. Kupigana najua. Nangoja tu kubonyeza arudi tena.

Wako,
Hasifa