Ushuhuda Uliokuwa Tangazo

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Kila nikipata kompyuta ya kaka na bando kidogo, namwambia mama najisomea. Sijisomei. Nasoma shajara za Wamarekani nisiowajua.

Leo ni Jumapili, jioni, na hapa mtaani kwetu Kihesa kuna ile baridi ya Julai ya kuvaa sweta la shule juu ya sweta la nyumbani. Nimeamua kusema leo kwa sababu leo zile shajara zimeingia sebuleni kwetu, zikakaa kwenye kochi, zikanywa chai.

Ngoja nieleze vizuri.

Hao Wamarekani si watu maarufu. Kuna mama mmoja kwenye jimbo la theluji, kuna mzee mstaafu mwenye mbwa, kuna dada aliyepanga chumba kimoja. Kila mmoja ana blogu yake na anaandika maisha yake, na maisha yenyewe, ukiyatazama sana, ni manunuzi. Mzee anasoma maandishi ya nyuma ya mfuko wa chakula cha mbwa kama sisi tunavyosoma Zaburi, polepole, mstari kwa mstari. Yule dada aliandika kwamba ana vitu vingi mpaka anakosa pumzi, halafu aya inayofuata akanunua maboksi ya kuvipanga. Siku nyingine akavaa viatu wiki nzima, vikambana, akavirudisha dukani, na wakavipokea! Hapa mjini wameandika ukutani kabisa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na muuzaji anakuonyesha kwa kidole kabla hujafungua mdomo.

Halafu wana tabia ya kujitunza, yaani mtu kujipa zawadi mwenyewe. Kwetu mtu anatunzwa na wengine, kama kwenye sendofu ya kumuaga bibi harusi, watu wanakuja wanacheza na vitenge mabegani wanamzungushia. Mmarekani anajitunza peke yake, Jumanne, dukani, kwa sababu kazini kulikuwa kugumu. Nilicheka. Baadaye nikamwonea huruma.

Ila mama wa theluji ndiye aliyenitia wasiwasi.

Niliona kuwa watu hawa hawaamini makampuni. Wanaandika wazi kwamba matangazo ni uongo. Lakini mama mmoja wasiyemjua akisema ametumia kitu kikamsaidia, chini yake wanajipanga kujibu: nimeshaagiza, asante sana, ubarikiwe. Sasa mama wa theluji aliandika jinsi alivyokosa usingizi tangu mama yake afariki. Nililia mimi, huku Kihesa, nikifuta macho kwa kanga. Aya ya nne akasema, mimi si mtu wa kusifia vitu, ila. Ikafuata picha ya kopo la unga wa kukoroga.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya rangi ya kijivu, aliandika kwamba unga amepewa bure na kila mtu akinunua kupitia kwake, naye anapata chake.

Mwezi uliofuata unga ule ule ulikuwa umemponya nywele zilizokuwa zinakatika.

Sikulia tena. Tangu hapo nikikutana na mtu asiyependa kusifia vitu, naanza kutafuta kopo liko aya gani.

Ijumaa akaja mama mdogo kutoka Mbeya. Ni mdogo wake mama, wamefuatana. Nampenda. Akiingia nyumba inachangamka, analeta mchele wa Kyela na parachichi, anaimba mpaka bafuni. Safari hii alileta na boksi. Jikoni, tukimenya viazi, akafungua kopo moja lenye mfuniko wa dhahabu, akaninusisha unga wa kijani unaonuka majani ya mpera.

"Neema, magoti haya yalikuwa yamekufa," akasema. "Nilikuwa napanda ngazi za kanisa kama ng'ombe mgonjwa. Sasa hivi nikimbize uone!"

Nilifurahi kuhusu magoti. Sikushuku chochote.

Leo mchana jumuiya ilisali kwetu. Majirani walijaa, wengine kwenye mkeka. Kabla ya neno, mama aliomba aombewe presha. Wote wanajua. Mwaka jana alianguka jikoni na sufuria ya maharage ikaangukia pembeni yake, mimi ndiye niliyemkuta. Muuguzi alitwambia vidonge ni kila siku, hata siku anayojisikia mzima, asijiachishe mwenyewe.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, mama mdogo akasimama.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, mimi si mtu wa kupenda kusifia vitu, ila..."

Nikaanza kutafuta kopo liko wapi. Alisimulia alivyokuwa akiamka kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, watoto wakilia pembeni ya kitanda. Watu wakaanza kutoa leso. Presha, akasema. Presha ilikuwa inamuua, mpaka alipouona unga huu.

Ijumaa yalikuwa magoti.

Nilimtazama mpaka akaniona. Akacheka mbele za watu wote: "Jamani, mtoto wa dada ananikazia macho kama hakimu! We Neema, sijaiba kuku wenu."

Wakacheka. Mama akasema, "Mwache, ana aibu huyo." Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Baada ya ushuhuda ikaja sadaka, mzee wa kanisa akasoma matangazo, tukaomba, tukanywa chai. Na wageni walipoondoka niliona mama anachukua pakiti yake ya vidonge pale mezani, anaipeleka juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya sherehe. Akasema anavipumzisha kidogo.

Nilimfuata kwenye karo la vikombe. Nilikuwa nimekaa na sentensi moja kichwani muda wote wa chai. Kwa Kiingereza ningeisema vizuri, kwa sababu kule kuna neno la kuuzia watu vitu na kuna neno lingine la habari za kanisani. Kiswahili kimenipa neno moja tu.

"Mama, lile la mama mdogo lilikuwa tangazo."

Mama akaendelea kusuuza kikombe. "Hapana, matangazo alisoma mzee wa kanisa mwishoni. Hukusikia? Kipaimara kimesogezwa mbele."

"Siyo hilo, mama. Namaanisha, ule haukuwa ushuhuda."

Akageuka. Sijawahi kumwona ananitazama hivyo. "Neema. Ushuhuda wa mtu haukosolewi. Mtu anaposimama mbele za Mungu, wewe nani?"

Mimi nani. Nikachukua taulo nikafuta vikombe vilivyokuwa vimekauka tayari.

Ingeishia hapo ningenyamaza kama ninavyonyamaza siku zote. Lakini saa moja iliyopita mama mdogo alinifuata chumbani, akakaa kitandani kwangu, akanishika mkono.

"Mwalimu wako anasema unaandika vizuri kuliko wote darasani. Mwandikie mama yako ushuhuda wake tuurushe kwenye grupu letu la unga la Mbeya. Alivyokuwa na presha, alivyopona."

"Lakini amekunywa leo tu, mama mdogo. Kijiko kimoja."

"Tunashuhudia kwa imani, mwanangu. Kabla hata haijatokea. Hujui?" Akanibana shavu. "Anza pale alipoanguka na maharage. Hapo watu watalia. Ukimaliza mama yako ataupitia kwanza, halafu ndo tuutume."

Akatoka anaimba. Na ninaapa haoni ubaya wowote. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ningekuwa nimemkamata mwongo ningejua la kufanya. Huyu anaamini kopo, anaamini na machozi, hatofautishi kipi kinauza kingine. Labda hata mama wa theluji hajui. Labda alilia kweli akiandika.

Nikaona aibu nyingine pia. Aliposema naandika vizuri, nilifurahi. Kwa muda mfupi nilishaanza kuipanga sentensi ya kwanza.

Basi nimeandika. Ukurasa mwingine, si huu. Nauweka hapa kama ulivyo.

"Naitwa Mama Neema wa Kihesa. Nina presha. Mwaka jana nilianguka jikoni na mwanangu akanikuta. Hospitali walinipa vidonge vya kila siku. Leo mdogo wangu ninayempenda amenipa unga, nimekunywa kijiko kimoja, ni mchungu. Sijapona. Sijui kama nitapona. Vidonge nimevificha nyuma ya masufuria. Mwanangu ameniona, na anaogopa kunikuta tena. Anataka nibaki."

Nimeusoma nikajishuku mwenyewe. Nimeanza na kuanguka, nikapitia machozi, nikamaliza na kitu ninachotaka mtu afanye. Ni umbo lile lile la aya nne. Tofauti ni kwamba mimi ninachopata nimekiandika kwa herufi za ukubwa ule ule wa nyingine zote, si ndogo za kijivu: nataka mama abaki.

Nilifikiria kuufuta na kuandika ule mwingine, mtamu, wa grupu. Ningesifiwa. Mama angesomewa jina lake Mbeya nzima, asingenikasirikia tena. Wala nisingelazimika kufungua mdomo, na kufungua mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizonazo.

Ndala koridoni.

Si mama mdogo, yeye hatembei bila wimbo. Hizi zinaburuzwa, zinapumzika karibu na mlango wa jikoni, zinaendelea. Mama anakuja kuupitia.

Nauficha ukurasa huu haraka. Ule wa vidonge nauacha wazi.