Kiti cha Maboksi cha Zuhura

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mkono unaanza na salamu kama ulivyonizoesha, ingawa marahaba yako siipati tena.

Zuhura amekua. Kile kiti tulichomtengenezea hapa uani Ngamiani hakimtoshi. Magoti yamepanda, mgongo unateleza, na shingo yake, ambayo haina nguvu tangu azaliwe, inamwangukia kifuani. Asipokaa wima chakula kinampalia, unajua. Ikabidi nitengeneze kingine, bila wewe.

Unakikumbuka cha kwanza? Dada wa mazoezi ya viungo kule kliniki alitueleza: maboksi yapangwe tabaka juu ya tabaka, mistari ipishane, yagandishwe kwa gundi ya unga wa ngano. Ulimsikiliza, kisha njiani ukasema, "Gundi ya unga si uji huo? Uji nifundishwe mimi?" Ukapika. Na kwa kuwa mkono wako haukujua uji usio na sukari, ukatia sukari. Kiti kikakauka vizuri juani. Asubuhi tukakikuta sisimizi wamekivaa chote.

"Astaghfirullah," ukasema, "kumbe nimewapikia karamu."

Tulicheka mpaka tukakaa chini, sisi ambao kicheko kilikuwa kimetupa kisogo tangu mtoto yule azaliwe.

Kwa kiti cha pili ulichemsha majani ya mwarobaini, ukakoroga unga kwa maji yake machungu ili sisimizi wasikiguse. Kilipokauka, hukukubali Zuhura akikalie. Kabla hatujakitia mikono ya pembeni ulikikalia wewe, na mwili wako ule, ungo wa mchele mapajani. "Kikinibeba mimi, kitambeba mjukuu wangu." Ukachambua mchele mpaka adhana ya alasiri. Siku hiyo Zuhura alikula amekaa, akitutazama usoni. Ulitokwa na machozi, ukasingizia moshi.

Safari hii nimeokota maboksi ya sabuni dukani kwa jirani, nikampima mtoto mwenyewe, nikakata. Mvua ilinisumbua, kila tabaka nililianika na kuliingiza ndani. Wakati wa kupika gundi, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la sukari. Nikaurudisha. Nimekukosa sana, mama, na pale jikoni ndipo ninapokukosa zaidi.

Jana kilikauka. Zuhura alikuwa mkekani ananitazama, nikamwambia subiri kidogo mwanangu. Hakukuwa na mwingine wa kukikalia. Nikachukua ungo, nikakaa mimi. Nilichambua mchele polepole, nikitega sikio nisikie kama kitalia chini yangu, mpaka adhana ya alasiri. Hakikulia.

Nikakitia mikono, leo nikamkalisha. Alikula bakuli zima bila kupaliwa, kichwa juu, macho yake machoni mwangu.

Mungu akulaze pema, mama. Nililia, na jiko lilikuwa limeshazimwa, sina hata moshi wa kuusingizia.

Mwanao,
Mama Zuhura