Sauti ya Baba Ilipokatwa Mkutanoni

Izmir, Uturuki
Jumapili asubuhi

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naubusu mkono wako, na wa Mama, kwa adabu na mapenzi. Namuomba Mola barua hii iwakute nyote wazima, goti lako limepoa, na ufuta wa shambani haukuliwa na wadudu kama mwaka jana. Mimi kwa uzima sina la kulalamika. Baridi imepungua, na chakula cha bwenini nimekizoea, ila wali wao hauna nazi.

Baba, tangu ule mkutano nakupigia simu na hupokei. Dada Mwanaisha alinitumia ujumbe wa sauti, akinong'ona kama mtu aliyejificha jikoni. Aliniambia umesema barazani, mbele ya watu, kwamba mwanao amekunyamazisha, na kwamba mtoto akishafika ng'ambo haoni haya tena. Niliusikiliza ujumbe ule nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, nikaondoka bila kula. Nimeona niandike, kwa kuwa kwenye simu waweza kukata kabla sijamaliza. Nitampelekea Mwanaisha kwa simu, naye atakusomea. Namuomba asiruke neno.

Nianze nyuma kidogo, ujue nilifikaje pale.

Huku mambo mengi ya masomo yetu hufanyika kwenye kompyuta. Kuna makongamano na warsha za watu walio nchi mbalimbali, kila mmoja ameketi kwake. Mwanzo nilidhani ni jambo jepesi, unavaa shati safi, unakaa kitandani, unawasha. Siku yangu ya kwanza kuzungumza, habari za mikoko, wote walikuwa wamezima kamera. Nikawa nasema na visanduku vyeusi vyenye majina. Hakuna aliyetikisa kichwa wala kukohoa, sikujua kama wanasikiliza au wamekwenda kupika. Nilipomaliza, bibi mmoja akaniuliza kama nimepata kumwona mtu akikata mkoko, au nimesoma vitabuni tu. Nikamjibu kwamba nimelelewa na mkata boriti, na ada ya shule yangu ilitoka kwenye shoka.

Bibi yule ndiye Bi Helena. Baadaye alimwandikia profesa wangu akiomba niwe mkalimani kwenye warsha aliyokuwa akiitayarisha, baina ya wataalamu wake na watu wa kwetu Mbwajumali, kuhusu ule mpango wa kufunga mikoko isikatwe. Profesa alifurahi, kwa sababu Bi Helena ni mmoja wa watakaoamua kama nitaendelea na masomo mwakani. Sikuelezi hili kwa kujitetea. Nataka ujue nilikuwa nimekalia kiti gani.

Siku yenyewe, kamera ya kwenu ilipowashwa, nikaona chuo cha Kurani cha Mwalimu Bakari kimejaa. Wazee mbele, kina mama nyuma, na wewe umevaa kanzu ya Idi. Nusura nikuamkie. Lakini Bi Helena alikuwa ameniagiza nisionyeshe kwamba nina jamaa pale, ili ukalimani wangu usitiliwe shaka. Ndiyo maana nilikwita Bwana Athumani. Najua ulishtuka, kwa kuwa nilikuona ukimgeukia Mwalimu.

Wataalamu walizungumza sana. Mliona ile ramani, msitu wetu wote umepakwa rangi ya kijani mpaka mlangoni mwa mkondo. Picha zikiganda, tukisubiri, zikirudi, wakiendelea. Wakati huo Bi Helena alikuwa akiniandikia ujumbe pembeni, ambao nyinyi hamkuweza kuuona, nifupishe maneno ya wazee, nitoe kiini tu. Zamu yako ilipofika, muda ulikuwa umekaribia kwisha.

Ulisema hivi, na nayakumbuka kama ulivyoyatamka:

"Babangu alikata, na babake alikata. Twakata hapa, pale tukapawata pamee. Sasa mukifunga ndia hino, nambiani ni ndia ipi mwatuwatia."

Nikaligeuza hilo kwa Kiingereza, kwamba mwakata hapa na pale mwapaacha pamee, na wakiifunga njia hii waseme ni ipi wanayowaachia. Kisha ukasema:

"Mumekuya na ramani mushamaliza kuipaka rangi. Basi mwatuuliza nini?"

Hapo nilisita. Ningeweza kulilainisha. Ningesema mzee anauliza kuhusu utaratibu wa ramani, na hakuna ambaye angejua. Nikalisema kama lilivyo. Uso wa Bi Helena ukabadilika.

Wewe ukaendelea, na papo hapo sauti yako ikakatika. Nikaona mdomo waenda na mkono wapanda, na kwangu hakuingii neno. Kwenye picha yenu ikatokea alama ndogo ya kipaza sauti iliyopigwa mstari mwekundu. Mwenye mkutano, Bi Helena, ndiye pekee aliyeweza kuwazimia sauti. Mimi sikuwa na uwezo huo, wala wa kuirudisha.

Lakini nyinyi mlikuwa mkitusikia bado. Bi Helena akasema kwa Kiingereza kwamba anamshukuru mzee na muda umekwisha, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikaligeuza neno lile kabla akili haijafika. Kwa hiyo uliyemsikia akikwambia muda wako umekwisha ni mimi. Maneno yalikuwa yake na sauti yangu. Ukainuka. Nikakuona mgongo, ukavaa viatu mlangoni, ukatoka.

Yaliyofuata hukuyaona.

Bi Helena alikuwa ameshamwita msemaji mwingine. Mimi nikasema kwa Kiingereza, "Mzee hajamaliza. Amekatwa. Na mzee huyo ni babangu."

Bi Helena akanikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba mkalimani hatoi maoni. Nikamjibu kwamba sitoi maoni, naomba arudishwe. Mwalimu Bakari akamtuma mtu akufuate, akarudi kusema umeshashika njia ya shamba. Basi nikaomba niseme lile ulilobakisha, kwa kuwa uliniambia kwenye simu siku chache kabla. Niliwaambia kwamba hukukataa kufunga. Unataka wafunge upande mmoja, upande wa pili watu waendelee kukata kwa kiasi, kisha wageuze. Mzee mmoja miongoni mwa wataalamu akawasha kamera yake, akauliza wajane wanaookota kuni mule watawekwa wapi. Hilo sikulijua. Ningeweza kubuni, ila nilimwambia mwenye kujibu ametoka.

Bi Helena akafunga mkutano. Muda si muda akanipigia, tukawa mimi na yeye tu. Aliniambia nimemwaibisha mbele ya wenye mradi, na kwamba nilificha undugu. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeniagiza kuuficha. Akasema hatanitumia tena.

Profesa hakuniita kwa siku kadhaa. Kila nikipita mlangoni kwake nilipunguza mwendo. Aliponiita alinimiminia chai, akanitazama mpaka nikaiinamia gilasi. Akasema hawezi kuniahidi chochote kuhusu mwakani, na kwamba yeye angekuwa mahali pangu hajui angefanyaje. Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Huenda nikarudi nyumbani mapema kuliko tulivyopanga. Mama usimwambie kwa ghafla.

Lakini ramani haijapitishwa. Yule mzee wa suala la kuni aliwaandikia wenzake, na wamekubaliana warsha irudiwe, na wewe uwe msemaji wa kwanza. Mkalimani atakuwa bibi mmoja wa Amu, mwalimu wa sekondari, nasikia ni hodari. Mimi nimeruhusiwa kusikiliza tu. Baba, nakuomba uende. Nilipokosea kukusemea, sahihisha mbele ya wote. Sitaona vibaya.

Nisalimie Mama, umwambie nguo nzito alizoniagiza nimenunua na nazivaa. Msalimie ami Shee, fundi wa milango, na shangazi mshona kofia, umwambie ile yangu watu wa huku waiulizia bei nami siuzi. Mwalimu Bakari mpe salamu na shukrani kwa kukifungua chuo chake. Watoto wa dada wapigie busu moja moja, mdogo zaidi.

Ni mimi mwanao, mwenye kuzitaka radhi zako kabla ya kitu kingine chochote,

Swaleh Athumani

Dada Mwanaisha, hapa usisome kwa sauti. Ukimaliza kumsomea, usimuulize kitu. Ijumaa baada ya alasiri nitapiga. Iwate simu karibu na mkono wake, kisha jifanye una kazi uani.